Kizidisho cha integrali: kuufunga upande wa kushoto uwe kitu kimoja

Boksi la minofu ya sangara likitoka soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, saa 12 asubuhi bila barafu, minofu inapata joto kwa kasi inayolingana na tofauti kati ya joto lake na joto la hewa. Hapo bado ni rahisi. Ugumu unaanza kwa sababu hewa nayo haijatulia: kadiri jua linavyopanda juu ya ziwa, hewa inazidi kupata joto. Ukiandika mlinganyo wa hali hiyo, njia ambayo kila mtu hufundishwa kwanza, ya kupeleka y zote (kinachotafutwa, hapa joto la minofu) upande mmoja na t zote (muda) upande wa pili, inagoma. y na t zimeshikana, haziachani.

Kinachozifungua ni kizidisho cha integrali. Wanafunzi wengi wa kidato cha sita na wa mwaka wa kwanza chuoni wamekariri kanuni yake ndefu ya mwisho, ile yenye e mbili na integrali tatu, na bado hesabu inawaponyoka. Msimamo wangu ni kwamba kanuni hiyo haifai kukaririwa hata kidogo. Ina nafasi nyingi mno za kuweka alama ya kutoa mahali pasipo pake, na ukikosea hakuna kinachokushtua. Anayejua kizidisho kinafanya kazi gani anaweza kukijenga upya kila mara kwa mistari mitatu, na kosa analiona pale pale.

Mlinganyo tunaoushughulikia una sura hii:

y′ + p(t)·y = q(t)

y′ ni dirivativu ya y, yaani kasi ambayo y inabadilika. Mlinganyo ni wa mstari pale y na y′ zinapotokea kwa kipeo cha kwanza tu, bila kuzidishana na bila kufichwa ndani ya sin, logi au e. Sharti hilo linaibana y peke yake. t iko huru: p inaweza kuwa 1/t, q inaweza kuwa t³·sin t, na mlinganyo ukabaki wa mstari. Kwa hiyo y′ + t²·y = e^t ni wa mstari, lakini y′ + t·y² = 1 si wa mstari, hata kama unaonekana mpole zaidi.

Kizidisho kinatoka wapi

Kizidisho tukiite μ. Kanuni ya zao inasema dirivativu ya μ·y ni μ·y′ + μ′·y. Sasa tazama upande wa kushoto wa mlinganyo wetu: y′ + p·y. Umekaribia kufanana na kanuni hiyo, ila kuna kitu umepungukiwa. Uzidishe wote kwa μ, nao unakuwa μ·y′ + μ·p·y. Ili huu uwe dirivativu halisi ya μ·y, kinachotakiwa ni kimoja tu: μ′ = p·μ.

Mlinganyo huo mdogo unatenganika. μ′/μ = p, kwa hiyo ln μ = ∫p dt, na

μ = e^(∫p dt)

Basi. Ukishazidisha pande zote mbili kwa μ, upande wa kushoto ni dirivativu ya kitu kimoja, na mlinganyo unasomeka (μ·y)′ = μ·q. Tafuta integrali ya kulia, weka C (ile namba isiyobadilika ya integrali), kisha gawanya kila kitu kwa μ, na C ikiwemo.

Mambo mawili huwasumbua watu hapa. La kwanza ni kwa nini ∫p dt haiwekewi C yake. Ukiiweka, μ inazidishwa kwa namba fulani isiyobadilika, na kwa kuwa pande zote mbili zimezidishwa kwa namba hiyo hiyo, inafutika. La pili ni ile ln|t| inayotokea p ikiwa na t chini. Alama za thamani halisi zinaleta tofauti ya chanya au hasi tu, nayo inafutika vile vile, mradi hukuvuka t = 0. Kuvuka t = 0 ni jambo zito, na tutalikuta sasa hivi.

Hesabu moja na mahali inapovunjikia

t·y′ − 3y = t⁵

Kabla ya chochote, y′ ibaki peke yake. Gawanya pande zote kwa t:

y′ − (3/t)·y = t⁴

p ni −3/t. Alama ya kutoa ni mali ya p, haiachwi nje. ∫p dt = −3 ln t, ambayo ni ln(t⁻³), kwa hiyo μ = t⁻³. Zidisha:

t⁻³·y′ − 3t⁻⁴·y = t

Hapa sasa, kabla ya kuendelea, kuna mstari mmoja ambao ningependa kila mwanafunzi auandike bila kuambiwa. Chukua t⁻³·y na utafute dirivativu yake kwa kanuni ya zao: t⁻³·y′ + (−3t⁻⁴)·y. Linganisha na upande wa kushoto. Zimelingana. Mstari huo unachukua sekunde kumi, na unakamata karibu kila kosa la mwanzo wa hesabu. Baada yake:

(t⁻³·y)′ = t
t⁻³·y = t²/2 + C
y = t⁵/2 + C·t³

Rudisha jibu kwenye swali. t·y′ ni 5t⁵/2 + 3C·t³. 3y ni 3t⁵/2 + 3C·t³. Ukitoa unabaki na t⁵. Sawa.

Makosa sasa. La kwanza kwa wingi ni kusahau kugawanya kwa t. Mtu anaona −3 mbele ya y, anachukua p = −3, anaandika μ = e^(−3t), anasonga mbele kwa kujiamini. Mstari wa ukaguzi ungemwambia: dirivativu ya e^(−3t)·y inaanza na e^(−3t)·y′, lakini upande wake wa kushoto unaanza na t·e^(−3t)·y′. Kuna t iliyozidi. Pacha wa kosa hili ni kugawanya kushoto na kuiacha t⁵ ya kulia kama ilivyokuwa. Hilo ukaguzi wa upande wa kushoto haulioni, linaonekana jibu likirudishwa kwenye swali.

La pili ni kuidondosha alama ya kutoa. Ukichukua p = 3/t unapata μ = t³, na ukizidisha unapata t³·y′ − 3t²·y, wakati dirivativu ya t³·y ni t³·y′ + 3t²·y. Alama moja, na upande wa kushoto haufungi.

La tatu linatoka kwenye logi: e^(−3 ln t) kuandikwa −3t. Namba iliyo mbele ya logi inapanda juu na kuwa kipeo ndani yake kwanza, kisha e na ln zinafutana. Kila mara andika hatua ya katikati, e^(ln t⁻³), hata kama unaona unapoteza wino.

Na la nne, ambalo naliona ndilo baya kuliko yote kwa sababu jibu lake linafanana sana na la kweli: C kuwekwa mwishoni. Mtu anapata t⁻³·y = t²/2, anazidisha kwa t³, anapata t⁵/2, ndipo anakumbuka C na kuandika y = t⁵/2 + C. Irudishe kwenye swali: t·y′ − 3y inatoa t⁵ − 3C. Ni sahihi pale C ikiwa sifuri tu. C huzaliwa wakati wa integrali, na chochote kinachofanyika baada ya hapo kinaigusa nayo.

Turudi kwenye t = 0. Tukipewa y(1) = 2, tunapata 2 = 1/2 + C, C = 3/2, hakuna shida. Lakini tukipewa y(0) = 0, kila C inakubali, kwa sababu t⁵ na t³ zote ni sifuri pale; majibu hayana mwisho. Tukipewa y(0) = 1, hakuna C inayokubali. Chanzo ni ile 3/t iliyotokea tulipogawanya: kwenye t = 0 p haipo. Jibu moja, lisilo na mwenzake, linahakikishwa ndani ya kipande cha t ambamo p na q hazikatiki. Swali likianzia t = 1, eneo lako ni t > 0, na mtu makini analiandika kando ya jibu.

Boksi la minofu

Weka T kuwa joto la minofu kwa nyuzi za Selsiasi na t kuwa saa zilizopita tangu saa 12 asubuhi. Tuchukulie hewa inaanza na nyuzi 20 na kupanda nyuzi 1.5 kila saa, minofu inaanza na nyuzi 2, na boksi ni la unene wa wastani ambalo k yake, yaani kasi ya kupitisha joto, ni 0.1 kwa saa. Sheria ya Newton ya kupoa na kupata joto inatoa T′ = 0.1·(20 + 1.5t − T). Peleka T kushoto:

T′ + 0.1T = 2 + 0.15t

μ = e^(0.1t), na

(e^(0.1t)·T)′ = (2 + 0.15t)·e^(0.1t)

Kulia kuna t iliyozidishwa kwa e, kwa hiyo integrali yake inafanywa kwa sehemu. Integrali ya 2·e^(0.1t) ni 20·e^(0.1t). Integrali ya 0.15t·e^(0.1t) ni 0.15·(10t − 100)·e^(0.1t), yaani (1.5t − 15)·e^(0.1t). Hiyo 100 inatoka kwa kugawanya kwa 0.1 mara mbili. Wengi hugawanya mara moja tu na kuandika 10. Jumla:

e^(0.1t)·T = (5 + 1.5t)·e^(0.1t) + C
T = 5 + 1.5t + C·e^(−0.1t)

Kwa T(0) = 2, C = −3.

T = 5 + 1.5t − 3·e^(−0.1t)

Minofu inafika nyuzi 4 lini? 1 + 1.5t = 3·e^(−0.1t) haifunguki kwa aljebra, inajaribiwa kwa kikokotoo: t = 1.12 inaleta 2.68 pande zote mbili. Hiyo ni kama dakika 67, yaani saa 1 na dakika 7 asubuhi. Saa 6 mchana T ni 14 − 3·e^(−0.6), karibu nyuzi 12.4, wakati hewa imefika 29.

Sasa tazama sura ya jibu, maana ndiyo inayonifanya niupende mlinganyo huu. Kipande cha e kinafifia. Kinachobaki ni 5 + 1.5t, nacho kinaweza kuandikwa 20 + 1.5·(t − 10). Ni joto la hewa lile lile, ila la saa 10 zilizopita. Na 10 ni 1/k. Kitu kinachofuata mabadiliko yaliyonyooka hukaa nyuma yake kwa muda wa 1/k, haijalishi kilianzia wapi.

Ukiweka barafu ndani, mlinganyo huu haufai tena. Barafu inayoyeyuka inashikilia nyuzi 0 na kumeza joto lote linaloingia. T haipandi mpaka barafu iishe. Hapo unahesabu kwanza muda wa barafu kuisha, ndipo T′ + 0.1T inaanza, ikianza na joto la hewa la saa hiyo, si lile la saa 12.

Tenki linalojaa huku likitoa

Katika boksi, p ilikuwa namba isiyobadilika. Tenki linatuonyesha p inayobadilika. Kituo cha vifaranga vya sato kina tenki la lita 1,000 lenye lita 200 za maji yasiyo na chumvi. Maji yenye gramu 5 za chumvi kwa lita yanaingia kwa lita 6 kwa dakika, na koki ya chini inatoa lita 4 kwa dakika. Maji yanakorogwa muda wote. Tafuta y, gramu za chumvi zilizomo.

Kinachoingia ni 6 × 5 = gramu 30 kwa dakika. Kinachotoka ni lita 4 zenye chumvi ya wakati ule, yaani 4 × y/(maji yaliyomo). Maji yaliyomo si 200. Yanaongezeka lita 2 kila dakika, kwa hiyo ni 200 + 2t.

y′ + 4y/(200 + 2t) = 30

Rahisisha kwanza: 4/(200 + 2t) ni 2/(100 + t). Integrali yake ni 2·ln(100 + t), na μ = (100 + t)². Ukiruka kurahisisha bado utafika, lakini utabeba 200 + 2t hadi mwisho na ile ½ ya ndani ya integrali inasahaulika kirahisi. Anayeisahau anapata kipeo cha 4 badala ya 2.

((100 + t)²·y)′ = 30·(100 + t)²
(100 + t)²·y = 10·(100 + t)³ + C

Mwanzoni y = 0, kwa hiyo C = −10 × 1,000,000 = −10,000,000.

y = 10·(100 + t) − 10,000,000/(100 + t)²

Dakika ya 100, y = 2,000 − 250 = gramu 1,750 ndani ya lita 400, sawa na gramu 4.375 kwa lita. Tenki linajaa pale 200 + 2t = 1,000, yaani dakika ya 400, baada ya saa 6 na dakika 40. Wakati huo y = 5,000 − 40 = gramu 4,960, gramu 4.96 kwa lita. Ni chini kidogo ya 5, kama inavyopasa: tenki haliwezi kuwa na chumvi kali kuliko maji yanayoingia.

Aliyeacha 200 bila kuigusa anapata y′ + 0.02y = 30, na jibu lake ni y = 1,500·(1 − e^(−0.02t)). Ni jibu zuri kwa macho. Kwenye dakika ya 400 linasema gramu 1,500 tu ndani ya lita 1,000, gramu 1.5 kwa lita, ilhali kati ya lita 1,000 zilizomo karibu zote zimetoka kwenye bomba la gramu 5. Haiwezekani. Kila hesabu ya tenki inastahili swali hilo la mwisho: gramu kwa lita ni ngapi, na zinaingia akilini?

Baada ya dakika ya 400 tenki linafurika, maji yaliyomo yanabaki 1,000 na yanayotoka yanakuwa lita 6. Fomula ya juu haifai hata dakika moja zaidi. Unaandika mlinganyo mpya, y′ + 0.006y = 30, ukianza na 4,960.

Integrali isipopatikana

y′ − 2t·y = 1, y(0) = 0. μ = e^(−t²), na (e^(−t²)·y)′ = e^(−t²). Integrali ya e^(−t²) haiandikiki kwa fanksheni za kawaida. Watu wakifika hapa hurudi nyuma kutafuta kosa ambalo halipo. Hakuna kosa. Andika integrali yenye mipaka, kuanzia 0 hadi t, na uiache: y = e^(t²) × ∫ e^(−s²) ds. Badilisha herufi ya ndani iwe s, la sivyo t inakuwa mpaka na kigeu kwa wakati mmoja. Mpaka wa chini ukiuweka pale swali linapoanzia, C inakuwa ile thamani ya mwanzo ikizidishwa kwa μ ya mwanzo. Hapa ni 0.

Ukihitaji y(1), kanuni ya Simpson, inayokadiria integrali kwa namba, inatosha kwa vipande vinne. Thamani za e^(−s²) kwenye 0, 0.25, 0.5, 0.75 na 1 ni 1, 0.93941, 0.77880, 0.56978 na 0.36788. Zizidishe kwa 1, 4, 2, 4, 1, jumlisha upate 8.9622, zidisha kwa 0.25/3: 0.74685. Thamani kamili zaidi ni 0.74682. Ukizidisha kwa e, y(1) ni 2.03. Hili ni jibu kamili, na ningempa mwanafunzi alama zote.

Milinganyo inayojificha

dy/dx = 1/(x + y²) si wa mstari kwa y. Ugeuze: dx/dy = x + y². Sasa x ndiyo inayotafutwa, na mlinganyo x′ − x = y² ni wa mstari kabisa. μ = e^(−y), na jibu ni x = C·e^y − y² − 2y − 2.

Mwingine ni ule wa Bernoulli, y′ + p·y = q·yⁿ. Mwanahisabati Jacob Bernoulli aliutoa kama changamoto mwaka 1695, na mwaka 1696 mwanahisabati mwenzake Leibniz akaonyesha kwamba u = y^(1−n) inaugeuza kuwa wa mstari. Mfano ulio karibu ni wa idadi inayokua hadi kikomo K: P′ = r·P·(1 − P/K). Weka u = 1/P, unapata u′ + r·u = r/K, na u = 1/K + C·e^(−rt). Usisahau kurudi kwenye P mwishoni. Swali halikuuliza u.

Boksi na ziwa

Mlinganyo wa boksi la minofu unafaa pia kwa Ziwa Victoria lenyewe. Ziwa lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800 na kina cha wastani cha karibu mita 40, hivyo maji yake ni kama kilomita za ujazo 2,760. Mto unaotoka ni mmoja, Nile, kule Jinja. Tuupe namba ya duara ya mita za ujazo 1,000 kwa sekunde, ambayo ni kilomita za ujazo 31.5 kwa mwaka. Kwa chumvi iliyoyeyuka, isiyozama wala kuliwa na chochote, y ikiwa tani zilizomo na m(t) tani zinazoingia kwa mwaka:

y′ + (31.5/2,760)·y = m(t)

k sasa ni 31.5/2,760, na 1/k ni kama miaka 88. Hapa kuna mtego mkubwa. Maji mengi ya ziwa hayaondoki kwa mto, yanaondoka kwa uvukizi. Tukikadiria mita 1.5 kwa mwaka, ni karibu kilomita za ujazo 103. Mtu akizijumlisha na mto, anagawanya 2,760 kwa 134.7 na kupata miaka 20 na ushei. Kwa maji yenyewe hiyo ni sawa. Kwa chumvi ni kosa, kwa sababu mvuke unapaa na kuiacha chumvi ziwani. Ndani ya p kinaingia kile tu kinachoibeba y kutoka.

Kama m inaongezeka mwaka hadi mwaka kwa mstari ulionyooka, jibu ni lile la boksi: kipande cha e kikishafifia, ziwa linaonyesha kiasi kinachoendana na chumvi iliyokuwa ikiingia miaka 88 nyuma. Na m ikisimama ghafla, baada ya miaka 88 bado asilimia 37 ya chumvi ya siku ile imo. Kushuka hadi asilimia 5 kunahitaji miaka kama 264. Fosforasi ni tofauti, kwa kuwa sehemu yake inazama kwenye tope la chini. Unaongeza s, kasi ya kuzama kwake, kwenye p, inakuwa 31.5/2,760 + s, na 1/k inafupika.

Yote haya yanachukulia ziwa limekorogwa kama tenki la vifaranga, jambo ambalo si kweli kwa Ghuba ya Mwanza, iliyo nyembamba na inayobadilishana maji na ziwa wazi kupitia mdomo wake wa kaskazini. Ghuba inastahili mlinganyo wake, wenye k yake, na upande wake wa kulia ni jibu la ziwa kubwa. Unatatua wa ziwa kwanza, unaingiza jibu lile lenye C·e^(−kt) kwenye q ya ghuba, kisha unatengeneza μ kwa k ya ghuba. Kama k hizo mbili zinatofautiana, unapata e mbili zenye kasi mbili. Zikilingana, ukizidisha kwa μ vile vipande vya e vinafutana, kulia kunabaki namba tupu, integrali yake inaleta t, na jibu linapata kipande cha t·e^(−kt): kinapanda kwanza, kinafika kilele pale t = 1/k, ndipo kinaanza kushuka.